Karatasi Zilizogeuzwa Ndani: Maisha ya Mzee Calist Antipasi Msengi, 1949–2025

Baba Padre, wazee wetu shikamooni, wakwe zetu mliofunga safari kutoka Kintinku, majirani, na ninyi wanafunzi mliokuja na sare zenu: tunaomba muda kidogo tumseme mzee wetu kabla hatujamsindikiza. Mengi mnayajua kwa sababu mmeishi naye. Lipo moja hamlijui, na familia imebishana siku mbili kama lisomwe hapa au linyamaziwe. Litasomwa.

Calist Antipasi Msengi alizaliwa Jumapili, tarehe 14 Agosti 1949, hapahapa Misigiri, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa Mzee Antipasi Msengi na Mama Luciana. Mama yake alikuwa anapepeta uwele uchungu ulipomshika. Akamwachia jirani ungo, akaingia ndani, na inasimuliwa kwamba mtoto alilia kabla jirani hajaumaliza ungo ule mmoja. Alipokua akawa mtu wa taratibu kupita kiasi, mtu wa kula mpaka mboga inapoa na wenzake wameshanawa. Wakimcheka, mama yake alikuwa anamtetea: "Mwacheni mwanangu. Huyu haraka yake yote aliimaliza siku ya kuzaliwa."

Alianza darasa la kwanza mwaka 1958 na kumaliza la nane mwaka 1965. Kuna habari moja ya shuleni ambayo hakuna mjukuu ambaye hakusimuliwa. Akiwa darasa la nne, mwalimu aliwaambia wachore ramani ya nchi na kuonyesha maziwa. Wenzake walitia kivuli kwa penseli. Calist alichukua bluu ya kufulia ya mama yake, akaikoroga kwenye kifuu, akapaka ziwa kwa unyoya wa kuku. Nchi kavu alikuwa ameipaka udongo mwekundu. Maji yakazidi. Ziwa likavuka ufuko, likashuka Tabora, likaja mpaka Singida.

"Wewe Calist," mwalimu akasema, "umezamisha taifa zima!"

Akala fimbo mbili. Lakini njiani kurudi nyumbani aliifunua ile karatasi mara kwa mara, kwa sababu pale bluu ilipokutana na udongo palitokea rangi ambayo hakujua jina lake, si kwa Kiswahili wala kwa Kinyiramba. Alikuwa anamalizia hivi: "Fimbo nilizisahau kabla sijafika nyumbani. Ile rangi sijaisahau mpaka leo."

Baada ya mafunzo ya miaka miwili ya uchoraji ramani mjini Morogoro, aliajiriwa tarehe 1 Julai 1970 katika ofisi ya ardhi, Singida mjini. Alihamishiwa Manyoni mwaka 1974, akarudi Singida mwaka 1977, na hapo alikaa hadi alipostaafu mwaka 2009 siku aliyotimiza miaka sitini. Kazi yake ilikuwa kupaka rangi ramani za viwanja kwa mkono. Nyumba za kuishi zina rangi yake, maduka yana yake, makaburi yana yake, uwanja wa mpira una yake. Sharti lilikuwa moja tu: rangi isivuke mstari. Alisema alikuwa anabana pumzi kila anapofika kwenye kona ya kiwanja. "Rangi ikivuka mpaka kwenye karatasi, kesho watu wanashikana mashati shambani." Miaka thelathini na tisa hakuna mtu Singida aliyegombana na jirani yake kwa sababu ya brashi ya Calist Msengi.

Kompyuta zilipoingia, makopo ya rangi za maji na bunda la zile karatasi nzito za ramani vilitengwa vikachomwe. Yeye aliviomba. Aliomba kwa barua, akapewa kwa barua, na barua hizo mbili zimo mpaka sasa kwenye sanduku lake la bati, zimebanwa kwa pini. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Hakuchukua hata kilichokuwa kinatupwa bila kuomba. Tunalisema hili mapema kwa sababu litahitajika mbele.

Mke wake alimpata kwa ajali ya kazini. Mwaka 1975 alikwenda Kintinku na wapima ardhi. Siku moja alikuwa ameweka meza kwenye kivuli cha ukuta wa shule, ramani bado ina maji, akapita binti amebeba chumvi kwenye bakuli, ile chumvi wanayoichemsha kutoka kwenye udongo wa kwao. Akajikwaa, na konzi nzima ya chumvi ikatua juu ya ramani. Calist alisimama amekunja uso. Kabla hajafungua mdomo akaona kila punje imeanza kunywa rangi iliyoizunguka, na pale inapokunywa panabaki doa jeupe lenye miali, kama nyota. Ramani nzima ilikuwa imeota nyota. Ilimbidi airudie kwa siku mbili. Ile iliyoharibika hakuitupa, na binti hakumwacha aende bila kumuuliza ni wa nani. Ni wa Mzee Ndahani, jina lake Martina.

Walifunga ndoa kanisani Kintinku, Jumamosi tarehe 5 Juni 1976. Mashemeji zake, na wengine mpo hapa leo, hawakuchoka kumtania: "Mnyiramba kaharibiwa kazi, badala ya kudai fidia akadai binti! Tukamwambia lete ng'ombe, akatuuliza wa rangi gani." Waliishi pamoja miaka arobaini na miwili na miezi minane, wakajaliwa watoto watatu: Godfrey, Eliza na Benson. Mama Martina alitangulia tarehe 11 Februari 2019.

Baada ya kustaafu, Mzee Calist alirudi Misigiri akalima alizeti na vitunguu, na mchana, jua likiwa kali mno kwa jembe, alipaka rangi. Hapa wengi wenu mlimshangaa. Hakuchora ng'ombe, wala kanisa, wala sura ya mtu. Alichofanya ni kulowesha karatasi kwa maji ya mvua aliyokinga kwenye bati, kwa sababu maji ya kisima chetu yana magadi na huacha ukungu rangi ikikauka. Kisha anadondosha rangi moja upande huu, nyingine upande ule, anainamisha ubao kidogo, na kuziacha ziende kukutana zenyewe. Ofisini miaka thelathini na tisa alizizuia zisivuke. Nyumbani alizifungulia.

Mjukuu wake Witness, binti wa Benson, aliletwa kuishi naye mwaka 2017 akiwa na miaka minane. Ndiye alikuwa anakaa naye pale barazani, kidevu kwenye ukingo wa meza, akimuuliza kila kitu.

"Babu, mbona bluu inakimbia na njano inajivuta?"

"Kila mtu na miguu yake."

"Nani anaziambia zisimame?"

"Maji yakichoka, zinasimama."

"Sasa mbona hukorogi kwa brashi zichanganyike haraka?"

"Ukikoroga unapata tope. Nyekundu na kijani ukizikoroga ni tope. Ukiziacha zijuane zenyewe, kila moja inatoa kidogo na kubakiza kidogo." Kisha akamwonyesha jambo ambalo Witness hakulielewa siku ile. Alidondosha rangi kwenye karatasi iliyoanza kukauka. Haikuyeyuka. Ilisimama, ikajitengenezea ukingo mgumu wenye meno, kama ufa kwenye tope la bwawa. "Umeona? Hii imechelewa. Rangi ikutane na mwenzake karatasi ingali na maji. Ikishakauka, hata umwage ndoo nzima, mstari haufutiki."

Karatasi aliyoipenda kuliko zote aliiita Mvua ya Kintinku. Waliitengeneza wawili, Jumapili tarehe 22 Aprili 2018. Yeye alimwaga buluu ya mawingu na wekundu wa udongo, vikaanza kusogeleana, akamwita mkewe jikoni: "Mama Godfrey, njoo ujikwae tena." Mama Martina akaja akicheka na chumvi mkononi, akairusha. Witness alikuwepo. Aliziona nyota zinafunguka moja moja, na bibi yake akasema, "Kumbe chumvi yetu haikolezi mboga tu." Miezi kumi baadaye bibi hakuwepo. Ile karatasi ikawa kitu cha mwisho ambacho mikono yao miwili ilikifanya pamoja.

Mpaka hapa ni wasifu wa mtu mwema, na tungeweza kuruka moja kwa moja mpaka ugonjwa wake. Godfrey, mtoto wake wa kwanza, alishauri tufanye hivyo. Lakini karatasi saba mnazoziona zimetundikwa kwenye kamba karibu na jeneza zina kunjo katikati na jina la mwanafunzi limeandikwa kwa wino nyuma, na watu wataulizana. Afadhali waambiwe.

Mwaka 2023 Witness akiwa kidato cha kwanza, wenzake watatu walikuja nyumbani kujisomea. Wakati huo karatasi za babu zilikuwa zimebandikwa sebuleni ukuta mzima. Mmoja wao, Lucy, alisimama mlangoni akacheka mpaka akashika mbavu.

"Hee, Witness! Nani kamwaga chai ukutani?"

"Si chai hiyo," mwingine akasema, "hapo kuna mtu alitapika embe."

Witness aliona uso unamchoma. Angeweza kusema. Alizijua rangi zile kwa majina, alijua ipi ilikimbia na ipi ilijivuta. Akasema, "Ni mdogo wangu anachezea rangi."

Babu alikuwa nyuma yao, ameleta karanga kwenye bakuli. Hakuna aliyejua alifika saa ngapi.

"Shikamoo babu," wasichana wakasema.

"Marahaba wajukuu zangu, karibuni mtafune." Akaweka bakuli mezani. Kisha akamtazama Witness kwa upole ule wake. "Huyo mdogo wako ana kipaji, eti?"

Wenzake wakacheka, wakidhani ni mzaha tu. Kesho yake babu alizibandua zote kimyakimya, akazipanga kwenye sanduku la bati chini ya kitanda chake. Witness aliona ukuta mweupe akashusha pumzi. Ndiyo, alifurahi. Katika yote yanayosomwa hapa, hilo la kufurahi ndilo lilimshinda kuandika mara ya kwanza.

Mwaka huu shule zilifunguliwa Jumatatu tarehe 13 Januari. Mwalimu wa darasa alikuwa ameagiza kila daftari liwe na kava, asiye na kava asiingie. Jumapili ile karatasi za kaki zilikuwa zimeisha madukani Misigiri nzima. Babu alikuwa kwenye ibada ya pili. Witness akavuta sanduku. Karatasi za ramani ni nzito, hazichaniki, daftari likivaa hiyo linafika Desemba. Akachukua saba za juu bila kuchagua, akazikunja, akabandika pembe kwa gundi. Rangi akazigeuza ndani, upande mweupe ukawa nje, ili darasani mtu asimuulize. Ya mwisho ilienda kwenye daftari la hesabu, na vidole vyake vilisikia mparuzo wa chumvi pale anapokunja. Alijua ni ipi. Akamaliza kukunja.

Tarehe 2 Februari babu alifungua sanduku kutafuta karatasi tupu, akahesabu.

"Witness, mama, kuna karatasi sizioni. Na ile ya bibi yako siioni."

"Mchwa, babu," Witness akajibu kabla hajafikiri. "Niliona mchwa humo. Nikazitupa zilizoliwa."

"Mchwa? Kwenye bati?"

"Waliingia kwenye tundu la kufuli."

Babu akaketi kitandani, akalifunga sanduku. Mwisho akasema, "Basi. Na wao wana watoto." Tangu siku ile, kila asubuhi, mzee wa miaka sabini na mitano ambaye miguu yake ilishaanza kuvimba alichukua majivu jikoni kwa sahani, akapiga magoti, akaingia nusu chini ya kitanda na kuyamwaga kuzunguka sanduku lile ili mchwa wasirudi. Kunyanyuka ilikuwa kazi. Witness alikuwa anamshika mkono amsaidie kusimama. Kila asubuhi alimshika mkono, na kila asubuhi hakusema kitu.

Katikati ya Machi majivu yalikoma. Witness alidhani mzee amechoka.

Kuhusu ugonjwa: Mzee Calist aligundulika ana shida ya moyo mwaka 2022 na alitumia dawa bila kukosa. Mwezi Aprili mwaka huu hali ilibadilika, miguu ikajaa maji, kifua kikabana. Alilazwa hospitalini Singida kuanzia tarehe 6 hadi 19 Mei, akahudumiwa vizuri, na familia inawashukuru sana madaktari na wauguzi. Alirudi nyumbani akiwa na nafuu ya kukaa kitini na kuota jua. Binti yake Eliza alikuwa naye usiku na mchana.

Jumamosi tarehe 14 Juni, baada ya chai, alimwita mjukuu wake.

"Mama, natamani kuiona Mvua ya Kintinku. Mara moja tu."

Witness alisimama pale na kikombe mkononi. Daftari la hesabu halikuwa hata nyumbani. Mwalimu alikuwa amekusanya yote kabla ya likizo kwenda kusahihisha. Lakini si hilo lililomfunga mdomo.

"Si nilikwambia mchwa, babu."

"Ah, kweli. Mchwa." Akaitikia kwa kichwa. "Uzee huu."

Hakula mchana wala jioni. Witness naye hakula. Jumapili alisali bila kusikia neno moja la mahubiri. Jumatatu asubuhi alitembea mpaka kwa mwalimu wake wa hesabu, Mwalimu Paschal, anayekaa jirani na shule, akamkuta anatwanga mahindi ya kuku.

"Shikamoo mwalimu. Naomba daftari langu."

"Marahaba. Witness wewe, likizo hii umeota hesabu?"

"Nataka kava tu, mwalimu."

Mwalimu akamtazama, akaona machozi, akaingia ndani bila swali la pili.

Alipobandua kava ndipo alipoona. Mvua za Machi zilikuwa zimemlowesha njiani mara moja, mkoba na vyote vilivyomo. Maji yalikuwa yameingia ndani ya kunjo. Buluu ilikuwa imevuka mstari wa katikati na kuingia kwenye wekundu wote. Nyota za upande mmoja zilikuwa zimezama, za upande wa pili zipo. Aliikunjua mbele ya babu yake mchana ule, upande wa rangi ukiwa juu.

Babu alivaa miwani. Alipitisha kidole palipobaki punje za chumvi, taratibu, nyota kwa nyota. Kisha akaigeuza nyuma, akasoma kwa sauti: "Witness B. Msengi. Kidato cha tatu. Hesabu." Akaishusha miwani puani.

"Eliza!" akaita. "Njoo uone. Mchwa wa nyumba hii wanasoma hesabu."

Shangazi Eliza akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Babu akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Na Witness, kwa kuona wanacheka, akacheka nao. Kicheko kilipoisha babu alimwangalia, bado ameshika ile karatasi.

"Kuna lingine, mama?"

Hapo ndipo neno lilipotakiwa. Lilikuwa mdomoni. Ni neno fupi, hata mtoto wa chekechea analijua. Lakini kicheko kilikuwa kimeshapita kitamu hivyo, na yeye aliona kulisema ni kurudisha uzito chumbani. Akaona atalisema kesho, babu akipata nguvu.

"Hakuna, babu. Ni hilo tu."

"Haya," babu akasema. Akairudia karatasi. "Kumbe ilikuwa haijamaliza kutembea, hii." Akaomba uji, akanywa kikombe kizima.

Kesho yake, Jumanne, alilala karibu siku nzima, na watu walikuwa wengi chumbani. Jumatano tarehe 18 Juni 2025, saa tatu asubuhi, Mzee Calist Antipasi Msengi alifariki dunia kitandani kwake, akiwa na miaka sabini na mitano na miezi kumi. Eliza alikuwa amemshika mkono. Witness alikuwa nje anakoka moto wa maji ya kumwogesha.

Alhamisi familia ilipokaa kupanga nani aandike wasifu, Witness aliomba aandike yeye, na akaeleza kwa nini. Baba yake mkubwa, Godfrey, alitikisa kichwa.

"Mwanangu, wasifu si kitubio. Kama ni kuungama, Padre yupo, kamwone."

"Kaka," Eliza akasema, "uongo hakumwambia Padre. Alimwambia mzee."

"Na mzee ameshazimika hajui kitu. Mnataka kumwaibisha mtoto mbele ya watu wa wilaya tatu?"

"Alikuwa anajua," Eliza akajibu.

Ndipo alipowaeleza. Siku ile ya Machi mvua ilipomlowesha Witness, mtoto alianika madaftari uani akaenda mtoni kufua sare. Babu alitoka kuyageuza yapate jua upande wa pili. Rangi zilikuwa zimetoka zenyewe kwenye kunjo, buluu na nyekundu zinachuruzika pembeni mwa kava nyeupe. Alikaa pale kwenye kigoda akiyaangalia mpaka yakauka yote saba. Akayapanga vilevile alivyoyakuta, akamwambia Eliza, "Usimwambie kitu. Ngoja aseme mwenyewe." Na majivu hakumwaga tena.

Miezi mitatu alingoja. Jumamosi ile alipoiomba Mvua ya Kintinku alikuwa anamfungulia mlango, na Witness akaufunga. Jumatatu akamfungulia tena.

Benson, baba yake Witness, alisogeza kigoda akaketi karibu na binti yake. Alisema, "Mwacheni aandike. Mimi ndiye nimemzaa. Aibu hii tutaibeba wawili."

"Na hayo makava?" Godfrey akauliza, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka. "Watu watasema tumehamishia shule msibani."

"Waseme," Eliza akasema. "Mzee mwenyewe alishasema mchwa wetu wanasoma."

Godfrey akaangua kicheko kilichogeuka kilio, na ndivyo ilivyokubaliwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyefunga ile kamba leo asubuhi, na ndiye aliyehakikisha upande wa rangi unawatazama ninyi. Mkipita kutoa heshima za mwisho, simameni kidogo mziangalie. Ya kwanza kulia ndiyo Mvua ya Kintinku. Si chai, wala hakuna mdogo yeyote aliyechezea. Ni kazi ya mtu mzima aliyejua anachofanya, na Lucy, aliyekuja tangu jana kusaidia kupika, ameomba yeye ndiye awe anawaeleza watu.

Mzee Calist ameacha watoto watatu: Godfrey wa Nduguti, Eliza wa hapa Misigiri, na Benson wa Singida mjini, wakwe, akiwamo Magdalena, mama yake Witness, wajukuu tisa na kitukuu mmoja, na dada yake Elizabeti, aliyebaki peke yake kati ya saba. Ameacha ekari nne za alizeti, barua mbili za ofisini zilizobanwa kwa pini, na karatasi arobaini na tatu za rangi, saba kati yake zikiwa na makunyanzi ambayo hayatanyooka.

Aliulizwa Witness, "Kuna lingine?" Akasema hakuna. Lilikuwepo. Karatasi imeshakauka na mstari utaonekana, lakini anaomba lisomwe hivyohivyo lilivyochelewa, mbele ya wote mliokuja kumzika: Hapakuwa na mchwa, babu. Nilikuwa mimi. Nisamehe.

Mzee Calist Antipasi Msengi na apumzike kwa amani, uso wake ukielekea kwenye mwanga, pasiwe na mkono wa kumgeuza ndani tena.